Sindano Zisizo na Dawa: Unapokwenda Akupancha kwa Mara ya Kwanza

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi hata kabla hawajapanda kitandani: sindano za akupancha hazina dawa. Hakuna bomba wala kichupa, na hakuna kinachosukumwa mwilini. Ni uzi mgumu wa chuma kisichoshika kutu, hauna tundu katikati, na unene wake kwa kawaida ni robo ya milimita au pungufu. Sindano ya kutolea damu maabara huwa nene karibu mara tatu ya hapo, tena ncha yake imekatwa mshazari ili ipasue ngozi. Kwa hiyo uchungu wa sindano ya matakoni uliyochomwa utotoni usiubebe kwenda nao huko. Hofu ina mahali pake, lakini ni pengine: nani ameishika sindano, imetoka kwenye pakiti gani, na utaambiwa urudi mara ngapi.

Tiba yenyewe ni ya Kichina. Kitabu chake cha kale kinachotajwa zaidi, Huangdi Neijing, kina umri wa miaka elfu mbili hivi, na fundisho lake ni kwamba mwilini mna nguvu iitwayo qi, hutamkwa "chi", inayopita katika njia zake. Ikikwama, mtu huumwa, sindano huifungulia. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha pointi 361 za kuchomwa katika njia hizo, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza akupancha katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hospitali hazina kipimo kinachoionyesha hiyo qi. Maelezo yao ni kwamba sindano huamsha neva, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili huachia kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Huhitaji kuchagua upande ndipo ulale kitandani, na mtaalamu mwenye adabu hatakutahini imani yako.

Kwetu Afrika Mashariki tiba hii si ngeni kama wengi wanavyodhani. Timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu zilianza kufika Zanzibar mwaka 1964, na za jimbo la Shandong zikaanza Tanzania Bara mwaka 1968. Hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja na ile ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, zimezipokea kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa wapasuaji na madaktari wa macho wamekuwamo pia watu wa sindano. Siku hizi utakuta kliniki za namna hii Dar es Salaam na Nairobi, nyingine za Wachina, nyingine za wenyeji waliokwenda kusomea China.

Je, ugonjwa wako ni wa sindano?

Swali hili liulize kabla ya kuulizia bei. Akupancha ina ushahidi wa maana katika maumivu ya muda mrefu: kiuno, shingo, magoti yanayosagika, kipandauso, na kichwa kile kinachobana kama kofia ndogo. Inasaidia pia kichefuchefu cha baada ya upasuaji. Ukitoka hapo, ahadi huwa nyingi kuliko ushahidi.

Nitakupa mfano mmoja, kwa sababu unasema mengi. Ujerumani walifanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, la watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye pointi za Kichina. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali pasipo na pointi yoyote. La tatu lilipata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 48 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili na 27 katika la tatu. Rudia kuzisoma hizo namba. Waliochomwa walipata nafuu kuliko wasiochomwa, tena kwa mbali. Lakini kuchomwa mahali panapodaiwa kuwa ndipo kuliongeza kidogo mno. Mimi nazielewa hivi: kulala kimya, kuchomwa, na kushughulikiwa na mtu kwa nusu saa kunatuliza maumivu kweli, ila anayekwambia kwamba yeye peke yake ndiye anayeijua pointi ya ugonjwa wako, msikilize kwa sikio moja.

Wakubwa wenyewe hawajaafikiana. NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba ya Uingereza, iliikubali akupancha kwa maumivu ya kichwa mwaka 2012, ikaikataa kwa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Upande wa pili wa bahari, bima ya wazee ya Marekani, Medicare, ilianza kulipia sindano mwaka 2020, na ilichokubali kulipia ni hicho hicho kiuno.

Usipeleke malaria huko. Utaambiwa kwamba hata dawa mseto asili yake ni tiba ya Kichina, na ni kweli: Tu Youyou aliipata artemisinini kwa kuanzia kwenye maandiko ya kale, akatunukiwa Nobeli mwaka 2015. Lakini mmea ule ulipelekwa maabara, ukachujwa, ukajaribiwa kwa wagonjwa, ukawa kidonge. Sindano haiui vimelea. Haishushi sukari ya mtu anayehitaji insulini, na haichukui nafasi ya ARV. Kiharusi nacho, kikitokea, saa za mwanzo ni za hospitali. Mzee akishatulia, familia ikitaka kumpeleka kwenye sindano iendelee pia na fiziotherapia. Na mahali ambapo bango la mlangoni linaahidi kutibu saratani, ugumba, nguvu za kiume na ukimwi kwa pamoja, mimi nisingeingia hata kuulizia njia.

Kumchagua mchomaji

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili watoa tiba na vituo vyao. Zanzibar ina baraza lake. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2019. Kwa hiyo cheti cha usajili kiwepo, na ukisome: jina lililoandikwa liwe la anayekuchoma, maana wakati mwingine ni la mwenye jengo. Muulize alisomea wapi na kwa muda gani. China shahada ya tiba ya jadi huchukua miaka mitano. Mtu aliyehudhuria semina ya mwisho wa juma ni mtu mwingine kabisa. Swali hili halina utovu wa adabu wowote. Liulize kwa salamu nzuri, "Samahani daktari, naomba kufahamu…", na utazame anavyolipokea.

Kisha sindano. Lazima zitoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, itumike kwako, na baada ya hapo zitupwe kwenye boksi la njano la vitu vyenye ncha kali, lile la hospitali. Homa ya ini aina ya B na virusi vya ukimwi havichagui kama sindano ina dawa au haina. Ukiona sindano zimelowekwa kwenye kikombe cha spiriti zikingoja mgonjwa, vaa viatu uondoke. Usikubali kuelezwa kwamba zimechemshwa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kula. Sio pilau la harusi, lakini chai na chapati, au uji mzito, saa moja au mbili kabla. Mwenye njaa huona kizunguzungu upesi akichomwa, na wengi wanaozimia kwenye sindano hizi huwa wamekuja na tumbo tupu, na hofu, na wamekalishwa badala ya kulazwa. Kwa sababu hiyo, mara ya kwanza omba ulale. Mwezi wa Ramadhani panga miadi baada ya futari. Kama sindano inafunguza au haifunguzi, hilo la shehe wako. Mimi nazungumzia kizunguzungu.

Ulimi wako utaangaliwa, kwa hiyo siku hiyo usile ubuyu wa rangi wala kutafuna tambuu, na kahawa iache mpaka jioni. Wataalamu wa Kichina husoma rangi ya ulimi na utando wake, na ulimi mwekundu kwa ubuyu utawapa habari za duka la ubuyu badala ya habari za tumbo lako. Usiusugue kwa mswaki pia.

Vaa nguo pana, suruali inayopanda hadi juu ya goti na mikono inayokunjika hadi kiwiko, maana pointi nyingi ziko chini ya goti, kwenye vifundo na mikononi. Chukua na kanga yako ya kujifunika. Mwanamke anayetaka kuchomwa na mwanamke aseme wakati wa kuweka miadi, kwa sababu akisema akiwa chumbani huenda mchomaji mwanamke hayupo zamu. Kuna pointi ya utosini, Baihui, ambayo huhitaji kitambaa kivuliwe. Unaweza kuikataa, na tiba ikaendelea bila hiyo.

Dawa zako zote zibebe na maboksi yake, hasa kama mtaalamu ni mgeni na mnazungumza kupitia mkalimani. Yapo mambo ambayo lazima uyataje hata usipoulizwa: kama u mja mzito au unahisi hivyo, kwa kuwa kuna pointi zinazoepukwa, kama Hegu iliyopo kati ya kidole gumba na cha shahada na Sanyinjiao juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, kama una kifafa, kama una kisukari na nyayo zimekufa ganzi.

Chumbani

Siku ya kwanza maneno ni mengi kuliko sindano. Umekuja kwa ajili ya goti, lakini utaulizwa unalalaje, unakwenda haja mara ngapi, unapenda maji ya moto au ya baridi, unatoka jasho usiku, na kwa mwanamke, hedhi yake ikoje. Usikasirike wala usifiche. Ndivyo wanavyopanga magonjwa. Kisha atakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, wa kushoto na wa kulia, akae kimya kitambo. Hapimi presha. Anasikiliza mpigo kwa namna yao, wenye nguvu au dhaifu, wa juu au wa ndani. Kama ungependa presha ipimwe, na kwa mtu mwenye kichwa kinachouma ningeshauri ipimwe, omba mashine.

Utalazwa. Ngozi itafutwa kwa pamba yenye spiriti. Mara nyingi sindano huja ndani ya kimrija cha plastiki: kimrija kinawekwa juu ya ngozi, kitako cha sindano kinagongwa kwa kidole, na ncha imeshaingia kabla hujakunja uso. Unachosikia hapo ni kama kubinywa kidogo, pengine usisikie kitu. Nyayoni, kwenye ncha za vidole na chini ya pua panauma zaidi. Kisha ataisukuma ndani, milimita chache kwenye paji la uso, sentimita mbili au tatu kwenye nyama ya paja au kalio, na kuizungusha taratibu.

Hapo ndipo kinakuja kitu ambacho wengi hawakuandaliwa nacho. Ndani ya msuli unaanza kusikia uzito, au kujaa, au ganzi inayotambaa, au mvuto unaoshuka mpaka vidoleni. Wachina hukiita deqi, na wachomaji wengi huendelea kuzungusha mpaka ukisikie, wengine watakuuliza "umesikia?" na wanamaanisha hicho. Si cha kupendeza, ila hakitishi, na hutulia ndani ya dakika moja. Kinachotakiwa kukushtua ni kingine: maumivu makali yanayochoma kama moto, au mshtuko kama wa umeme unaokwenda kwa mstari. Hayo yana maana imegusa mshipa wa damu au neva. Sema palepale, ichomolewe au irudishwe juu. Wagonjwa wetu wana tabia ya kuvumilia mbele ya daktari ili wasionekane waoga, na hapa uvumilivu huo hauna kazi.

Idadi ya sindano kwa mtu aliyekuja mara ya kwanza mara nyingi ni kati ya sita na kumi na tano. Usishangae goti la kulia likauma na sindano zikaenda pia mguu wa kushoto na mkononi. Ndiyo njia zao. Zikishaingia, utaachwa hivyo dakika ishirini hadi thelathini. Usijikunje, usijaribu kupokea simu. Ikikuwasha pua, vumilia au ita mtu, na kabla hajatoka hakikisha unajua utamwitaje: kengele, au mlango ulio wazi. Watu wengi hulala usingizi kabisa. Mimi naona huo usingizi wa mchana, bila simu, ni sehemu ya tiba yenyewe, na sidhani kama kuna aibu kulipia.

Ukianza kuona giza, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, au kichefuchefu, ita hapohapo. Sindano hutolewa zote, miguu huinuliwa, unapewa kitu cha sukari. Hupita upesi.

Pengine watakuunganishia mashine ndogo yenye waya na vibanio, umeme hafifu upite kati ya sindano mbili na msuli ucheze wenyewe. Una haki ya kusema ipunguzwe. Mwenye kifaa cha moyo asikubali mashine hii kabisa. Au watawasha moksa, majani makavu ya mmea wa jamii ya artemisia yanayochomwa karibu na ngozi. Moshi wake unanuka kama bangi, waziwazi, kwa hiyo nguo zako zitakwenda na harufu hiyo hadi kwenye daladala. Jiandae na macho ya watu. Mwenye kisukari na nyayo zenye ganzi asikubali moksa miguuni, kwani ataungua bila kujua.

Vikombe ni habari nyingine. Mtu wa pwani anaijua chuku, na siku hizi hijama imeenea kila mtaa. Kwenye akupancha vikombe mara nyingi ni vikavu: vinavuta ngozi tu, hakuna wembe wala damu, na vinaacha miduara myekundu kwa siku kadhaa. Kama wanataka kukuchanja, hiyo ni kazi tofauti inayohitaji ridhaa yako tofauti, na kila chombo kiwe kipya.

Wakati wa kuchomoa, hesabu. Zilizoingia kumi na mbili zitoke kumi na mbili. Sindano iliyosahauliwa nyuma ya sikio au kwenye nywele ni jambo linalotokea, na mchomaji makini anahesabu kwa sauti.

Baada ya hapo

Usiruke kitandani. Kaa dakika tano, kunywa maji, ndipo usimame. Kama umekuja kwa pikipiki, pumzika zaidi, kwa sababu watu wengine huwa wazito na wenye usingizi kwa saa moja au mbili. Tone la damu hapa na pale, au damu kuvilia pawe pa zambarau, ni kawaida. Maumivu yanaweza hata kupanda usiku huo kabla ya kushuka. Wataalamu wa Kichina watakukataza maji ya baridi na pombe siku hiyo. Kukubali hakugharimu kitu.

Lipo jambo moja adimu ambalo ni la haraka. Kama ulichomwa kifuani, mgongoni juu au begani, na baada ya saa chache ukapata kichomi cha ghafla na pumzi kuwa fupi, nenda hospitali usiku huohuo, uwaambie ulichomwa sindano na wapi. Ncha inaweza kuwa imegusa pafu. Sehemu iliyochomwa ikivimba, ikiwa na joto na usaha, nayo ni ya hospitali.

Utakapokuwa unalipa, huenda ukakuta mfuko wa vidonge au unga pembeni ya risiti. Sindano ni tiba moja na miti shamba ni nyingine. Kukubali ya kwanza hakukulazimishi ya pili. Vimepatikana vidonge vya "mitishamba" ya Kichina vilivyotiwa dawa za hospitali kimyakimya, na yapo majani yaliyoharibu figo za watu. Kisichokuwa na lebo unayoweza kuisoma, kiache juu ya meza.

Halafu suala la kifurushi. Utaambiwa ulipe mara ishirini kwa mkupuo upate punguzo. Usilipe. Kwa maumivu ya kichwa, NICE inazungumzia hadi mara kumi katika wiki tano hadi nane. Medicare inalipia hadi mara kumi na mbili ndani ya siku 90, na inaongeza nane ikiwa tu mgonjwa anaonyesha nafuu. Asiyepata nafuu anasimamishwa. Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, unaweza kupatana na kliniki yoyote: lipia kila unapokwenda, au kwa mafungu ya mara tatu.

Na uwe na daftari. Wiki moja kabla ya sindano ya kwanza, andika kila jioni maumivu yamefika wapi kati ya sifuri na kumi, umemeza diklofenaki au panadoli ngapi, na jambo moja ambalo ugonjwa unakuzuia: kupanda ngazi, kusujudu, kuinua ndoo, kulala usiku kucha. Endelea hivyo hivyo ukishaanza. Bila maandishi, tunakumbuka siku nzuri tukiwa tumelipa pesa nyingi, na siku mbaya tukiwa tumegombana na daktari. Mara moja au mbili kwa wiki ndiyo mwendo wa kawaida, kwa hiyo ndani ya wiki nne utakuwa na la kusoma. Vidonge vikipungua kutoka kumi hadi vinne kwa wiki, endelea kidogo, kisha anza kuachanisha miadi. Ukifika mara ya sita na daftari liko palepale, mwonyeshe mchomaji kurasa zenyewe, mshukuru, na fedha zilizobaki zipeleke kwa mtu wa fiziotherapia. Daktari wako wa hospitali naye mwambie ulikuwa wapi, ili asije akakuongezea dozi huku hajui ni kitu gani kingine kilichokuwa kikiendelea.